Mafuriko ya ghafla mijini: Bonde la Msimbazi lina somo kwa Bariadi

MAFURIKO ya ghafla ni yale yanayotokea ndani ya saa chache baada ya mvua kubwa kunyesha, wakati mwingine ndani ya dakika chache tu. Yanatofautiana na mafuriko ya mito mikubwa kama Rufiji, ambako maji hupanda kwa siku kadhaa na wakazi wa bondeni hupata nafasi ya kuhama na mifugo yao. Katika mji mkubwa wenye mapaa mengi, barabara za lami na mitaro iliyoziba, mtu anaweza kwenda kazini asubuhi kukiwa kukavu na jioni akakuta nyumba yake imezama hadi madirishani.

Jiji la Dar es Salaam ndilo lenye historia ndefu zaidi ya tatizo hili nchini, na ndilo linalotekeleza kazi kubwa zaidi za kihandisi za kulipunguza. Kwa wakazi wa miji inayokua, ukiwamo Bariadi ulio makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, kazi hizo zinafaa kufuatiliwa kwa karibu. Dar es Salaam inalipa leo mabilioni ya shilingi kurekebisha mambo ambayo Bariadi bado ina nafasi ya kuyaepuka kwa gharama ndogo.

Makala haya yanaeleza chanzo cha mafuriko ya ghafla, namna wahandisi wanavyoyapunguza, yaliyofanyika katika Bonde la Msimbazi, na yale ambayo Simiyu inaweza kuyachukua.

Hesabu ya mvua

Ili kuelewa tatizo, ni vyema kuanza na hesabu rahisi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya hekta moja ni sawa na mita za ujazo 10 za maji, yaani lita 10,000. Hicho ndicho kiasi kinachobebwa na boza moja la kawaida la maji. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba huleta mita za ujazo 50,000, sawa na maboza 5,000.

Si maji yote hayo hutiririka. Tuchukue mfano wa eneo lenye majani, miti na udongo unaopitisha maji, ambako asilimia 20 tu ya mvua hiyo hutiririka juu ya ardhi na inayobaki huingia ardhini au kushikwa na mimea. Maji yatakayofika mtoni ni mita za ujazo 10,000. Eneo hilo hilo likijengwa nyumba, likawekwa lami na sakafu za saruji, asilimia 70 inaweza kutiririka. Maji yatakayofika mtoni sasa ni mita za ujazo 35,000, ingawa mvua ni ile ile. Kwa maneno mengine, mji umezalisha mafuriko yake wenyewe bila wingu kuongezeka.

Jambo la pili ni muda. Maji yanayopita katika majani huenda polepole, na yale ya mtaa wa juu hufika mtoni wakati ya mtaa wa chini yameshapita. Maji yanayopita juu ya lami na katika mitaro ya zege hukimbia, hivyo hufika yote kwa pamoja. Iwapo mita za ujazo 35,000 zitafika ndani ya saa moja, mtaro utahitaji kupitisha karibu mita 10 za ujazo kila sekunde. Mtaro wenye upana wa mita mbili na kina cha mita moja na nusu, maji yakienda kwa kasi ya mita mbili kwa sekunde, hupitisha mita sita tu. Zinazobaki ndizo zinazoingia ndani ya nyumba.

Mtaro huo ukijaa mchanga na takataka hadi nusu ya kina chake, uwezo wake hupungua kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa nafasi imepungua na kasi ya maji nayo imeshuka. Katika mfano wetu, ungebaki kupitisha mita za ujazo zisizofika 2.5 kwa sekunde. Hii ndiyo sababu wahandisi husema kuwa mtaro usiosafishwa ni sawa na mtaro ambao haukujengwa.

Mvua ya miaka 50 ni nini?

Katika taarifa za miradi, wananchi husikia kuwa daraja au mtaro umesanifiwa kwa ajili ya "mvua ya miaka 25" au "mafuriko ya miaka 50". Wengi hudhani maana yake ni kwamba mafuriko hayo hutokea mara moja, kisha watu hupumzika kwa miaka 50. Sivyo. Maana yake ni kwamba katika kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia mbili wa mafuriko ya kiwango hicho kutokea. Mtu akiishi bondeni kwa miaka 30, uwezekano wa kuyaona walau mara moja unakaribia asilimia 45. Hali kadhalika, yanaweza kutokea miaka miwili mfululizo.

Uteuzi wa kiwango hicho ni suala la fedha na la hatari inayokubalika. Mtaro wa mtaani hausanifiwi kwa kiwango kimoja na daraja la barabara kuu, kwa sababu daraja likivunjika uchumi wa mikoa kadhaa husimama. Aidha, kiwango hicho hukadiriwa kwa kutumia kumbukumbu za mvua za miaka iliyopita. Tabianchi inapobadilika, mvua iliyohesabiwa kuwa ya miaka 50 inaweza kuanza kutokea mara nyingi zaidi, na miundombinu iliyokuwa inatosha ikaelemewa.

Njia nne za wahandisi

Kwa jumla, kazi za kupunguza mafuriko ya ghafla mijini hugawanyika katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni kuyapitisha maji haraka. Hapa ndipo ilipo mitaro, makalavati, mifereji iliyosakafiwa kwa zege, kupanua mto na kuchimba tope. Ni njia inayopendwa kwa kuwa matokeo yake huonekana. Ubaya wake ni kwamba huweza kuhamisha tatizo. Mtaa wa juu ukikimbiza maji yake kwa kasi, mtaa wa chini huyapokea yote kwa wakati mmoja.

Kundi la pili ni kuyachelewesha maji. Mabwawa ya muda, viwanja vya michezo vilivyowekwa chini kidogo ya usawa wa barabara, na maeneo ya wazi hupokea maji kwa saa kadhaa kisha kuyaachia polepole. Baadhi ya miji yenye uwezo mkubwa imejenga miundombinu ya aina hii chini ya ardhi. Kaskazini mwa Tokyo, nchini Japani, kuna handaki la kilomita 6.3 lililokamilika mwaka 2006, umbali wa karibu mita 50 chini ya ardhi, linalopokea maji ya mito midogo na kuyasukuma kwenda mto mkubwa. Kuala Lumpur, Malaysia, ilizindua mwaka 2007 handaki la kilomita 9.7 ambalo sehemu yake ni barabara ya magari siku za kawaida na hugeuzwa mkondo wa maji mvua kubwa inaponyesha.

Kundi la tatu ni kuyazuia maji yasitiririke tangu yanapoanguka. Hii ni kazi ya juu ya bonde: kupanda miti, kulinda vilima, kujenga makinga maji, kuvuna maji ya mapaa na kuacha sehemu ya kila kiwanja bila kusakafiwa.

Kundi la nne ni kuwaondoa watu na mali katika njia ya maji. Hapa huhusika mipango miji, sheria, fidia na tahadhari za mapema. Ndiyo njia ngumu kuliko zote kisiasa, na mara nyingi ndiyo pekee inayookoa maisha pale ambapo maji yamezidi uwezo wa zege.

Uzoefu wa majiji mengi unaonyesha kuwa njia moja peke yake haitoshi. Kampala, nchini Uganda, ilipanua na kusakafia Mfereji wa Nakivubo mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Hata hivyo, katikati ya jiji hilo kumeendelea kufurika, kwa kuwa ujenzi katika vilima uliendelea, ardhi oevu zilijazwa vifusi na takataka ziliingia mferejini.

Msimbazi: mto mdogo, hasara kubwa

Mto Msimbazi una urefu wa takriban kilomita 35. Unaanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unapita pembezoni mwa makazi ya Ilala, Ubungo na Kinondoni, kisha unaingia Bahari ya Hindi katika eneo la Daraja la Salenda. Njiani hupokea mito midogo, ukiwamo Mto Sinza ambao wengi huujua kwa jina la Mto Ng'ombe. Wakati wa kiangazi mtu huweza kuuvuka kwa miguu katika sehemu nyingi.

Sehemu yake ya chini, kuanzia Kigogo hadi Jangwani, ni tambarare iliyo karibu na usawa wa bahari. Ikitokea mvua kubwa imekutana na bahari iliyojaa, maji ya mto hukosa pa kwenda na kurudi nyuma. Tatizo la pili ni mchanga. Mmomonyoko katika vilima vya juu na uchimbaji wa mchanga kando ya mto huleta udongo mwingi unaotua Jangwani, ambako kasi ya maji hupungua. Kila msimu kitanda cha mto hupanda na nafasi chini ya daraja hupungua. Ndiyo sababu Barabara ya Morogoro, ambayo ni njia kuu ya kuingia katikati ya jiji, imekuwa ikifungwa mara kwa mara katika eneo la Jangwani.

Mpango Mkuu wa Jiji wa mwaka 1979 uliliweka bonde hilo katika ardhi hatarishi isiyofaa kwa makazi. Hata hivyo, jiji lilikua kwa kasi kuliko viwanja vilivyopimwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Wengi waliokosa viwanja vya bei nafuu karibu na kazi walijenga bondeni.

Desemba 2011 jiji lilikumbwa na mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilisema haikuwahi kuonekana tangu mwaka 1954. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha na maelfu walikosa makazi. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, nje ya jiji. Baadhi yao walirudi bondeni baadaye, kwa kuwa Mabwepande ilikuwa mbali na shughuli zilizowapatia riziki. Mwishoni mwa mwaka 2015 ubomoaji wa nyumba zilizokuwa bondeni ulizua mashauri mahakamani na malalamiko makubwa.

Mafuriko yaliendelea. Yale ya Aprili 2018 yalifanyiwa utafiti na Benki ya Dunia, uliokadiria hasara ya kaya za jiji kuwa zaidi ya dola za Marekani milioni 100. Hata karakana ya mabasi yaendayo haraka, iliyojengwa Jangwani na kuanza kutumika mwaka 2016, ilifurika mara kadhaa na huduma zikasimama. Uwanja wa Kaunda wa klabu ya Yanga, ulio katika eneo hilo hilo, nao umekuwa ukigeuka bwawa.

Kazi zilizofanyika na zinazoendelea

Hatua ya kwanza kubwa ilikuja kupitia Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, maarufu kwa kifupi cha DMDP, ulioidhinishiwa mkopo wa dola milioni 300 na Benki ya Dunia mwaka 2015. Pamoja na barabara za mitaa, mradi huo ulijenga mitaro mikubwa ya maji ya mvua katika wilaya za Ilala, Kinondoni na Temeke, ikiwamo kazi za kuusakafia Mto Ng'ombe.

Wakati huo huo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, wakishirikiana na wakazi wa mitaa, walianza mwaka 2015 kuchora ramani za kina za maeneo yanayofurika, chini ya mpango wa Ramani Huria. Walipita nyumba kwa nyumba, wakapima mitaro na kuuliza wenyeji maji yalifika wapi. Ndege ndogo zisizo na rubani zilitumika kupiga picha. Taarifa hizo zilikuwa za thamani kubwa, kwa sababu hakuna mhandisi anayeweza kusanifu mtaro bila kujua mwinuko wa ardhi na mahali mitaro ya zamani inapoishia.

Mwaka 2018 ulifanyika mfululizo wa mikutano ya pamoja iliyowakutanisha wahandisi, taasisi za serikali na wakazi wa bonde, na matokeo yake yakawa mpango wa kulibadili Bonde la Msimbazi. Mwaka 2022 Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi uliidhinishwa ukiwa na thamani ya dola milioni 260. Kati ya hizo, milioni 200 ni mkopo wa Benki ya Dunia, na zilizobaki zinatoka Hispania na Uholanzi. Msimamizi ni Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI).

Mpango huo unatumia njia zote nne kwa pamoja. Mto utapanuliwa na kuchimbwa katika sehemu ya chini. Daraja la Jangwani litabadilishwa na jipya lililo refu na la juu zaidi, ili maji yapite chini yake bila kuzuiwa. Karakana ya mabasi itahamishwa. Sehemu ya ardhi itainuliwa kwa kutumia udongo unaochimbwa na kuwa salama kwa ujenzi, na katikati ya bonde kutakuwa na bustani kubwa ya jiji ambayo inaruhusiwa kufurika. Katika sehemu ya juu ya bonde, mradi unahusu kurejesha uoto na kudhibiti mmomonyoko.

Wazo la kuupa mto nafasi badala ya kuubana kwa kuta linafanana na lile lililotekelezwa na Uholanzi katika zaidi ya maeneo 30 ya mito yake baada ya mafuriko ya miaka ya 1990.

Suala lililovuta hisia zaidi ni fidia. Malipo yalianza mwaka 2023, na mwaka uliofuata nyumba nyingi za maeneo ya bondeni zilikuwa zimebomolewa. Wapo walioshukuru kupata fedha za kuanzia maisha mapya, na wapo waliolalamika kuwa kiasi walicholipwa hakiwezi kununua kiwanja mahali pengine jijini. Kwa vyovyote vile, sehemu kubwa ya muda wa mradi wa aina hii huenda katika uthamini, malipo na uhamishaji kabla ya katapila kuanza kuchimba.

Mvua za El Niño za mwaka 2023 na 2024 zilionyesha kuwa kazi hiyo haiwezi kusubiri. Akitoa taarifa bungeni Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alisema watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini kutokana na mvua hizo na wengine 236 walijeruhiwa. Nchini Kenya, mwanzoni mwa Mei mwaka huo, Serikali iliwapa wakazi wa kando ya mito ya Nairobi muda mfupi wa kuondoka, na nyumba nyingi za Mathare zikabomolewa.

Simiyu: maji mengi, kiu nyingi

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, na una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Kwa mujibu wa sensa, idadi ya wakazi wake iliongezeka kutoka 1,584,157 mwaka 2012 hadi 2,140,497 mwaka 2022. Bariadi ilipopata hadhi ya makao makuu ya mkoa ilivuta ofisi, mabenki, wafanyabiashara na wajenzi. Barabara ya lami inayoiunganisha na Lamadi kwa upande mmoja na Maswa kwa upande mwingine imeongeza kasi hiyo.

Mito ya Simiyu, ukiwamo Mto Simiyu wenyewe na Mto Duma unaoungana nao, ni ya msimu. Wakati wa kiangazi wenyeji huchimba visima vifupi katika mchanga wake ili kupata maji. Mvua inaponyesha, mito hiyo hujaa kwa muda mfupi na kukimbiza maji hadi Ziwa Victoria, kisha hukauka tena.

Maeneo mengi ya mkoa yana udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaoitwa wa mbuga. Udongo huu unafaa kwa pamba na mpunga, lakini ni mgumu kwa mhandisi. Ukikauka hupasuka, na ukilowa huvimba na kuziba nyufa zake, hivyo maji hayaingii tena ardhini. Kuvimba na kunywea huko huvunja sakafu za mitaro, huinua makalavati na kupasua kuta za nyumba. Mtaro wa zege uliojengwa moja kwa moja juu ya udongo huo bila kuuondoa na kuweka moramu, au bila kuuimarisha, huweza kupasuka baada ya misimu michache.

Mkoa huo huo hukabiliwa na uhaba wa maji. Mradi mkubwa wa kuyaleta maji ya Ziwa Victoria, unaofadhiliwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi kupitia benki ya maendeleo ya Ujerumani (KfW), uliidhinishwa na mfuko huo mwaka 2017 kwa sababu ya ukame. Kwa hiyo, katika Simiyu kuyakimbiza maji ya mvua kwa haraka hadi ziwani ni kupoteza rasilimali ambayo baadaye itarudishwa kwa pampu na mabomba.

Hapa ndipo njia ya pili na ya tatu zinapokuwa na uzito kuliko ya kwanza. Wasukuma wana historia ndefu ya malambo. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma wa mwaka 1947 hadi 1956 ulijenga mabwawa na malambo mengi kwa ajili ya watu na mifugo. Lambo lenye urefu na upana wa mita 100 na kina cha mita mbili hushika mita za ujazo 20,000, ambazo ni zaidi ya nusu ya maji ya mafuriko katika mfano wetu wa kilomita moja ya mraba. Likichimbwa juu ya mji, hupunguza mafuriko na kunywesha ng'ombe.

Vilevile upo utaratibu wa ngitili, ambapo familia au kijiji hutenga eneo la malisho na miti lisiguswe hadi kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986 na kumalizika mwaka 2004, uliufufua utaratibu huo katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, uliokuwa ukijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu. Mwaka 2002 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta kimataifa. Lengo lilikuwa kurejesha malisho na kuni, lakini ardhi yenye majani na mizizi ndiyo ile ile inayopunguza maji yanayotiririka. Kile ambacho mradi wa Msimbazi unakitafuta katika vilima vya Pugu, wakulima na wafugaji wa Usukuma wamewahi kukifanya kwa miaka mingi bila zege.

Bariadi ifanye nini mapema

Kwanza, maeneo ya mito na mabonde yatambuliwe kwa ramani kabla ya kuuzwa viwanja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mstari huo ukiwekewa alama ardhini leo, wakati sehemu kubwa ya ukingo ni mashamba, hautahitaji fidia ya mabilioni kesho. Wazee wa mitaa ndio wanaojua maji yalifika wapi katika mvua kubwa zilizopita, na kumbukumbu hiyo ikusanywe kama ilivyofanywa na Ramani Huria.

Pili, kila barabara mpya isanifiwe pamoja na njia ya maji hadi mwisho wake. Imezoeleka kuona mtaro mzuri wa barabara unaoishia katika kiwanja cha mtu. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017, na Wakala wa Barabara (TANROADS) wanaojenga barabara kuu, hukutana katika mji mmoja. Maji hayajui mpaka wa taasisi, hivyo michoro yao haina budi kuunganishwa na ile ya halmashauri.

Tatu, maji ya mapaa yavunwe. Paa la mita za mraba 100 hupokea lita 5,000 katika mvua ya milimita 50. Nyumba 1,000 zikiwa na matangi ya ujazo huo zitazuia mita za ujazo 5,000, ambazo ni moja ya saba ya mafuriko ya mfano wetu. Shule, zahanati na ofisi za umma zenye mapaa makubwa zinaweza kuanza.

Nne, bajeti ya kusafisha mitaro itengwe kila mwaka kabla ya mvua za Oktoba na Novemba, na taka zikusanywe mitaani. Fedha za ujenzi zinaweza kutoka kwa wafadhili, ila hakuna mfadhili atakayekuja kuzoa mchanga mtaroni kila msimu. Uchimbaji holela wa mchanga karibu na madaraja nao udhibitiwe, kwa sababu hufukua misingi ya nguzo.

Tano, wananchi wapewe tahadhari kwa wakati. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa iwafikie wenyeviti wa mitaa na walimu wakuu, si kuishia redioni. Maji yanayokimbia yenye kina kinachofika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima, na kasi ya maji ikiongezeka mara mbili nguvu yake huongezeka mara nne. Mtoto anayerudi shule hapaswi kuachwa aamue mwenyewe kama avuke mto uliojaa au asivuke.

Hakuna kazi ya kihandisi inayoweza kuondoa mafuriko kabisa. Ipo siku mvua itazidi kiwango kilichosanifiwa, Dar es Salaam na Bariadi pia. Siku hiyo, tofauti itakuwa kati ya mji ambao maji yake yatajaa katika bustani, viwanja vya mpira na malambo, na ule ambao yatajaa vyumbani watu wakiwa wamelala. Halmashauri ya Mji wa Bariadi ingali na nafasi ya kuchagua, maadamu viwanja vya bondeni havijaisha kugawiwa.